SOMO LA ROBO HII: PICHA ZA MIRADI ZILIZO MTANDAONI, TUZIRUDISHE NYUMBANI



Somo la robo hii linahusu picha. Hatutafundisha namna ya kupiga picha, maana siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Tunataka kujifunza namna ya kuzichukua tena zile ambazo tulikwisha kuziweka kwenye akaunti za mtandaoni, na kuzitunza mahali ambapo hazitegemei hisani ya mtu mwingine. Tunajua wapo watakaosema kuwa hili ni jambo la vijana. Tunaomba wahazini na wazee wa usharika ndio walisome kwanza, kwa sababu linahusu ushahidi.

Yaliyotupata

Usharika mmoja wa milimani katika dayosisi yetu ulijenga mradi wa maji ya mserereko kati ya mwaka 2011 na 2013. Chemchemi ilikuwa kwenye shamba la mzee mmoja, ambaye kwa hiari yake alitoa eneo la kujenga tangi la kukusanyia maji. Washarika walichimba mtaro wa bomba kwa mikono, kila mtaa ukiwa na siku yake ya zamu. Kijana mmoja aliyejitolea, mwenye kamera ndogo ya dijitali, alipiga picha za kazi yote tangu jembe la kwanza hadi siku ya baraka, akaziweka kwenye akaunti aliyoifungua katika mtandao mmoja wa kushirikishana picha. Anwani ya albamu ikaandikwa kwenye taarifa ya mwisho. Wafadhili wakatazama, tukapongezwa. Kadi ya kamera ikafutwa ili itumike kwenye harusi.

Mwaka 2021 mzee yule alikuwa amekwisha kufariki, na mjukuu wake akadai kwamba eneo lile halikutolewa bali liliazimwa tu. Karatasi ya makubaliano ilikuwepo. Lakini ilikuwa na alama ya kidole gumba na majina ya mashahidi wawili ambao nao walikuwa wametangulia mbele za haki. Hapo ndipo tulipokumbuka kuwa siku ya makubaliano picha zilipigwa: mzee ameshika jembe, mwenyekiti wa kijiji yuko pembeni yake, na majirani wanaonyesha kwa vidole mawe ya mpaka. Tuliokuwepo tulizikumbuka vizuri kabisa. Tukaitoa taarifa kabatini, tukaandika anwani ya albamu kwenye kompyuta herufi kwa herufi. Ukurasa ukajibu kwamba hakuna kitu.

Tulimtafuta kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu na anafanya kazi mji mwingine. Alishtuka kuliko sisi. Akaunti aliifungua kwa barua pepe yake binafsi, neno la siri alilisahau, na laini ya simu aliyoitumia kujisajili ilikuwa imekufa miaka mingi iliyopita na namba yake kupewa mtu mwingine. Kama onyo lilitumwa, lilikwenda kwenye sanduku la barua pepe ambalo hakuna aliyelifungua.

Hatumlaumu. Yeye alijitolea, na bila yeye kusingekuwa na picha hata moja. Kosa lilikuwa la ofisi yetu ya miradi. Tulipokea taarifa yenye anwani ya mtandaoni tukaihesabu kuwa ni kiambatanisho. Hatukuuliza picha zenyewe ziko wapi, zimefunguliwa kwa jina la nani, wala nani mwingine anaweza kuingia.

Kilichotusaidia kidogo kilitoka mbali. Usharika rafiki huko Ujerumani ulikuwa umechapa kalenda ya mwaka 2014, na picha ya mwezi mmojawapo ilikuwa ya mzee yule na jembe lake. Mshiriki mmoja wa huko, mstaafu mwenye tabia ya kutunza kila kitu, alikuwa amepakua picha 31 kutoka kwenye albamu ile na kuziweka kwenye kompyuta yake kwa sababu tu zilimpendeza. Picha ya mawe ya mpaka haikuwemo. Shauri lilimalizika kwa usuluhishi kwenye baraza la kata baada ya miezi 14, kwa ushuhuda wa akina mama wawili waliobeba mawe siku ile. Miezi yote hiyo ukarabati wa tangi ulisimama na watu walichota maji mtoni.

Akaunti ni nyumba ya kupanga

Mtu akipanga chumba hujua kwamba mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi, kuuza nyumba, au kuivunja ajenge duka. Akaunti ya picha mtandaoni ni chumba cha namna hiyo, na ile ya bure ni chumba ambacho hatukuandikiana hata mkataba tulioujadili. Tulibonyeza tu mahali palipoandikwa kwamba tumekubali.

Tuangalie yaliyotokea hapo nyuma. Kampuni ya Kodak ilifilisika Januari 2012, na huduma yake ya albamu za mtandaoni, Kodak Gallery, ikafungwa Julai mwaka huohuo. Picha za wateja wa Marekani na Kanada zikahamishiwa kwa kampuni nyingine. Albamu za mtandaoni za Picasa, ambazo sharika zetu nyingi zilizitumia kwa sababu zilikuwa rahisi, zilisitishwa na Google mwaka 2016. Photobucket mwaka 2017 ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kwa wale walioonyesha picha zao kwenye kurasa nyingine kupitia huduma hiyo, na picha katika kurasa nyingi duniani zikageuka kuwa tangazo la kudai malipo. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba katika kuhamisha mitambo yake ilipoteza picha, video na nyimbo zilizopakiwa miaka zaidi ya mitatu kabla ya hapo. Hao walikuwa wakubwa wa wakati wao.

Habari ya Flickr inastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi, maana mashirika mengi ya maendeleo yaliitumia na mengine bado yanaitumia. Ilianzishwa mwaka 2004 nchini Kanada, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 2005. Mwaka 2013 ilitangaza kumpa kila mtu nafasi ya terabaiti moja bila malipo, yaani nafasi ambayo usharika wa kawaida usingeijaza hata kwa miaka ishirini. Watu wakamwaga picha humo wakiamini wamepata ghala la kudumu. Aprili 2018 ikanunuliwa na kampuni ya SmugMug, na Novemba mwaka huohuo ikatangazwa kwamba akaunti za bure zitabaki na picha 1,000 tu; zinazozidi zitafutwa, kuanzia zile zilizopakiwa zamani zaidi. Ufutaji ulipangwa Februari 2019, kisha ukasogezwa hadi Machi kwa sababu watu waliokuwa wakikimbilia kupakua walikuwa wengi. Picha zenye leseni huru za Creative Commons ziliachwa. Wasomaji watambue mpangilio wa ufutaji ule: zilizotangulia kuwekwa ndizo za kwanza kuondoka. Kwa mradi, hizo ndizo picha za hali ilivyokuwa kabla ya kuanza kazi, ambazo haziwezi kupigwa tena hata kwa fedha.

Google nayo ilipoanzisha Google Photos mwaka 2015 iliruhusu picha zisizo na kikomo, mradi zipunguzwe ukubwa. Ruhusa hiyo ilikoma tarehe 1 Juni 2021. Tangu hapo picha mpya huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure, pamoja na barua pepe na nyaraka zote za akaunti hiyo. Tena kuna utaratibu ambao kila kamati inapaswa kuujua: akaunti binafsi ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Fikirini ni akaunti ngapi zilifunguliwa na katibu aliyekwisha kumaliza kipindi chake, zikaachwa.

Hatusemi watu waache kutumia mitandao hii. Ni msaada mkubwa, na hata sisi tunaitumia kila wiki. Tunachosema ni kwamba iwe dirisha la kuonyeshea, na stoo iwe kwetu.

Yeremia na hati mbili

Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja, tunapendekeza kufungua Yeremia sura ya 32. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, na katika hali hiyo anaambiwa anunue shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Analipa shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anaandika hati. Wengi wetu tumehubiriwa juu ya tumaini lililomo katika ununuzi ule, na ni sawa. Lakini tazameni kazi ya ofisi iliyofanyika pale. Hati ni mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi. Zote mbili anakabidhiwa Baruku mbele ya watu, naye anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Mtunzaji anajulikana kwa jina na chombo kimechaguliwa kwa kudumu. Nakala iliyofungwa ipo kwa ajili ya siku ambayo mtu ataitilia shaka ile iliyo wazi.

Sura ya 36 inaonyesha upande mwingine. Mfalme Yehoyakimu analikata gombo kwa kisu na kulichoma vipande vipande kwenye moto wa kuotea, na hakukuwa na nakala. Liliandikwa upya kwa sababu tu Yeremia alikuwa hai na Baruku alikuwa na wino. Sisi tulipoipoteza albamu ya maji, mzee wetu hakuwa hai.

Kuanza kazi: kwanza akaunti zijulikane

Kabla ya kupakua chochote, kaeni kama kamati mwandike akaunti zote ambazo picha za usharika au mradi zimewahi kuwekwa. Mtashangaa. Kuna ukurasa wa Facebook wa kwaya, kuna akaunti ya Google ya mwinjilisti aliyehamishwa, kuna albamu aliyoifungua mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo akarudi kwao. Kwa kila moja andikeni barua pepe iliyotumika kuifungua, namba ya simu iliyosajiliwa, na mtu anayejua neno la siri. Palipo na namba iliyokufa, badilisheni mapema wakati bado mnaweza kuingia. Mkishafungiwa nje, mtandao hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ambayo hamna, na hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi.

Mtu akihamishwa au akimaliza kipindi, akaunti ikabidhiwe kama inavyokabidhiwa funguo ya stoo na daftari la stakabadhi, na iandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Ni vema zaidi kufungua akaunti moja kwa jina la usharika, yenye watu wawili wanaoweza kuingia. Google pia ina mpangilio unaomruhusu mwenye akaunti kumtaja mtu atakayejulishwa na kupewa vilivyomo endapo akaunti itakaa muda mrefu bila kutumika. Ni dakika kumi za kazi, na tunawasihi wote wanaotumia akaunti binafsi kwa shughuli za mradi waufanye leo.

Kupakua

Watu wengi hujaribu kupakua picha mojamoja, wakachoka wakifika ya hamsini. Mitandao mikubwa ina njia ya kuomba vyote kwa pamoja. Kwa Google ingieni takeout.google.com mkiwa ndani ya akaunti husika. Ukurasa huo huja ukiwa umechagua kila kitu, hivyo ondoeni alama zote kisha wekeni kwenye Google Photos peke yake. Mtaulizwa aina ya faili na ukubwa wake. Chagueni zip, na ukubwa wa gigabaiti 2. Halafu ni kungoja. Saa chache, wakati mwingine siku moja au mbili, itakuja barua pepe yenye viungo vya kupakulia. Viungo hivyo hudumu takriban wiki moja tu, kwa hiyo msiombe siku mnayoondoka kwenda mkutano mkuu.

Flickr ina sehemu kama hiyo ndani ya mipangilio ya akaunti, ambapo mwenye akaunti huomba data zake zote na kuletewa viungo kwa barua pepe. Wenye akaunti za bure waangalie ukubwa wa picha wanazopewa kabla ya kushangilia, walinganishe na zile walizopakia. Facebook nayo inaruhusu mtu kupakua taarifa zake akichagua picha tu, na pale inapouliza ubora, chagueni ubora wa juu. Mtakachopata humo ni kile kilichowekwa na akaunti hiyo yenyewe. Picha ambazo wengine walizitundika kwenye kundi la usharika hazitakuja, inabidi kila aliyezitundika aombwe.

Sasa tuongee habari ya bando, maana hapa ndipo wengi hukwama. Chukueni picha 4,000 za simu, kila moja megabaiti 3. Hizo ni megabaiti 12,000, yaani gigabaiti 12 hivi. Kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, kasi ambayo vituo vyetu vingi hufurahi kuipata, zitachukua zaidi ya saa 13 mfululizo bila umeme kukatika. Ndiyo sababu tumesema mchague faili za gigabaiti 2: kila moja ni saa mbili na dakika kumi na tano hivi, na umeme ukikatika mnapoteza moja tu. Fanyeni kazi hiyo usiku, kwa bando la usiku kama mtandao wenu unalo, au njooni na diski yenu kwenye ofisi ya dayosisi. Jambo moja la kuepuka ni kupakua kwenye kompyuta ya kulipia mjini kisha kuiacha akaunti wazi na nakala mle ndani. Tuliwahi kukuta picha za kituo cha watoto kwenye kompyuta ya namna hiyo, na haikuwa siku nzuri kwetu.

Hakikisheni kabla ya kufuta

Faili zikishafika, zifungueni zote. Hesabuni picha na mlinganishe na idadi iliyoko mtandaoni. Fungueni ya kwanza, za katikati kadhaa, na ya mwisho, mzikuze mpaka nyuso zionekane. Faili ya zip iliyokatika njiani huonekana nzima mpaka unapojaribu kuifungua.

Mtaona pia vijifaili vidogo vingi vyenye mwisho wa json pembeni ya picha za Google. Msivifute. Ndani yake kuna tarehe na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha mtandaoni. Wengi huvitupa wakidhani ni takataka, kisha wanabaki na picha 4,000 ambazo kompyuta inaonyesha zote ni za siku waliyopakua. Tarehe halisi kwa kawaida imo pia ndani ya picha yenyewe, katika taarifa ambazo kamera huziandika bila kuonekana, lakini maelezo yenu hayamo.

Hapa tuseme neno kuhusu WhatsApp, kwa sababu siku hizi taarifa za miradi zinatufikia kwa njia hiyo zaidi ya barua. Picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ukubwa, na tarehe na mahali ilipopigwa huondolewa. Kwa salamu za Krismasi haina neno. Kwa picha ya ushahidi wa kazi, itumeni kama hati, ndipo hufika ilivyo.

Na mtego mwingine, ambao umewanasa hata watu wenye digrii. Simu nyingi zimeunganishwa na akaunti kiasi kwamba ukiifuta picha ndani ya programu ya Google Photos inafutika pande zote mbili, kwenye simu na mtandaoni. Hukaa kwenye tupio siku 60, kisha imekwenda. Kuunganisha si kutunza nakala. Nakala ni kile kinachobaki pale kingine kinapofutwa.

Mahali pa kuweka

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na nyingine. Kwa usharika tunaitafsiri hivi. Nakala ya kwanza ibaki mtandaoni, ya pili iwe kwenye diski ya nje ofisini kwa mchungaji, na ya tatu kwenye diski nyingine ofisi ya jimbo au dayosisi. Diski mbili kwenye kabati moja ni sawa na diski moja, mwizi huchukua kabati zima na paa likivuja linavuja juu ya zote.

Flashi ni ya kusafirishia. Hupotea mfukoni, hubeba virusi kutoka stesheni moja ya uchapaji hadi nyingine, na ikikaa miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza kilichomo. Wale wenye CD zilizochomwa miaka ya 2000 wasingoje zaidi, wazihamishe sasa maana nyingine tayari hazisomeki. Diski nayo ichomekwe angalau mara mbili kwa mwaka na picha chache zifunguliwe, na siku hiyo iandikwe kwenye daftari la mali. Diski isiyoguswa miaka mitano ni imani tu, na si ya aina inayosifiwa kwenye Waebrania 11.

Folda zipewe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, kisha kazi, kwa mfano 2012-08-maji-mtaro, ili zijipange zenyewe kwa tarehe. Kisha ije kazi ambayo kompyuta haiwezi, nayo ni majina. Ketini na wazee wawili watatu, mwonyeshe picha moja baada ya nyingine, na kijana aandike kwenye daftari nani yuko wapi na walikuwa wanafanya nini. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walituachia picha nyingi, na leo zinaweza kutazamwa mtandaoni kupitia maktaba ya chuo kikuu cha Southern California kule Los Angeles. Zimedumu kwa sababu kuna waliozitunza na kuzinakili. Hata hivyo, katika nyingi ya picha za namna hiyo mmisionari ana jina, na aliyebeba mzigo hana. Tusije tukawatendea hivyo akina mama waliochimba mtaro wetu wenyewe.

Picha za watoto na wagonjwa

Kunakili hakumaanishi kumgawia kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za mtu anayetambulika kuwa ni zake, na usharika unaozikusanya unawajibika kwazo. Picha za watoto wa kituo, za wanaohudumiwa zahanati, au za walioishi na ukatili nyumbani ziwekwe folda ya peke yake, kwenye diski yenye neno la siri, na fomu za ridhaa ziwe pamoja nazo. Kama ridhaa haikuwahi kuombwa, kamati iamue wazi ama kuitafuta ama kuifuta picha. Neno la siri la diski liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na watu wawili, na bahasha iwekwe kwenye kasiki la usharika. Kuna usharika ulioifunga diski vizuri sana, kisha aliyejua neno lake akafariki.

Kwa marafiki wanaotufadhili tuna maombi mawili, na tunayasema kwa upendo. Mnapotuomba picha tano za watoto wanaotabasamu kwa ajili ya taarifa ya mwaka, hizo tano hutunzwa na nyingine mia tano husahaulika. Ombeni pia picha za msingi kabla haujafunikwa, za mabomba kabla ya kufukiwa, za mpaka. Na katika bajeti, mstari wa diski mbili za nje usikatwe kwa sababu hauonekani kuwa ni huduma kwa jamii. Wale ambao mmewahi kupakua picha zetu kwa kupendezwa nazo, kama yule mstaafu wa Ujerumani, tunaomba mtuandikie mlizo nazo.

Kwa ajili ya kikao

Kila kamati itenge nusu saa katika kikao chake cha robo hii. Swali la kwanza la kujadili: mradi wetu wa zamani kuliko yote ambao bado unatumika, picha zake ziko wapi leo, na nani anaweza kuzifungua tukiwa hapa tumekaa? Ajaribu kuzifungua kikaoni, wote wakitazama. La pili: kama kesho mtu angedai kiwanja cha zahanati, shule au tangi, ni picha ipi tungeitaka, na je, ipo? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari kama mengine.

Ofisi ya miradi imeweka kompyuta moja kwa ajili ya kazi hii kila Jumatano, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Njooni na diski tupu, barua pepe ya akaunti, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo. Wanaotoka mbali watupigie siku mbili kabla, ili tuwaombee faili mapema na mzikute tayari.